Miaka ya Kwenye Daftari

Nkuba alikuwa mzee tangu mwaka sabini na nne, na uzee huo aliupata kwa dakika mbili tu, amesimama mbele ya meza ya karani. Kabla ya hapo alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na moja, Msukuma aliyeshuka Usangu na ng'ombe wake kufuata majani, mwenye mgongo wa kuinua gunia la mpunga bila kusaidiwa. Ila mvi zilimwota mapema, kama zilivyowaota wanaume wote wa ukoo wao. Ilipokuja Operesheni ya kuhamia vijijini, watu wakapangwa foleni kwenye kijiji kipya karibu na Ubaruku ili waandikishwe, na karani akamtazama kichwa, akamuuliza, "Mzee, una miaka mingapi?"

Neno hilo "mzee" ndilo lililomponza. Kwenye foleni Nkuba alikuwa amekwisha kusikia kwamba waliozidi hamsini na tano watasamehewa kazi za shamba la ujamaa, na hata darasa la kisomo cha jioni watasamehewa. Akakohoa kikohozi cha kizee. "Hamsini na sita, mwanangu," akasema.

Karani akaandika. Huyo alikuwa Philbert, kijana wa Kibena aliyekuja na cheti chake cha darasa la saba, mwenye miaka ishirini, na kwa mtu wa miaka ishirini kila aliyevuka arobaini yuko mlangoni mwa kaburi. Hakuuliza zaidi, akataka majina ya watoto na miaka yao.

Nkuba akataja. Kulwa na Doto, mapacha, kumi na tano. Shija, kumi na tatu. Wote watatu walikuwa wasichana, na wasichana hawakuwa wakigawiwa ardhi, kwa hiyo Nkuba hakuona sababu ya kupoteza uongo mzuri juu yao. Akabaki Kashindye, kitinda mimba, mvulana pekee, aliyesimama nyuma ya baba yake akichezea fimbo ya kuchungia. Kashindye alikuwa na miaka kumi. Lakini kijiji kilikuwa kinampa ekari moja ya mpunga, yenye maji ya mfereji, kila mwanamume aliyetimiza kumi na tano.

"Kumi na tano," akasema Nkuba.

Philbert akanyanyua macho. "Mbona mdogo hivi?"

"Kule tulikotoka njaa ilitupiga, bwana karani. Amedumaa. Atakua hapahapa."

Kalamu ikatembea. Nkuba akaondoka pale amezeeka miaka kumi na mitano, mwanawe amekua miaka mitano, na familia imepata ekari ya pili. Njiani alicheka peke yake mpaka mkewe Ng'washi akamuuliza kama ameokota kitu.

Ekari ya Kashindye ililimwa na Kashindye. Sheria ya kijiji ilikuwa kila mwenye shamba alime mwenyewe, na mwenyekiti Ezekia alikuwa akipita kwenye majaruba ya mpunga kuhakikisha. Siku za msaragambo, kijiji kizima kikiwa shambani, mtoto yule alisimama mstari mmoja na wanaume wenye ndevu, jembe limemzidi urefu mpaka ikabidi likatwe mpini, na baba yake alikaa kivulini na wazee wenzake wa kubuni na wa kweli, akipokea kata ya pombe. Maisha yakawa mazuri. Tena uongo una tabia hiyo, ukikutendea mema miaka minne unaanza kuuona ni ukweli.

Mwisho wa mwaka sabini na nane vita vikazuka kule Kagera. Januari iliyofuata kijiji kikaambiwa kitoe vijana kumi na wawili waende jeshini, wasiwe chini ya miaka kumi na minane, wala wasizidi hamsini. Siku hiyo Nkuba hakuwapo. Alikuwa na ng'ombe kwenye majani ya bonde la Ihefu, na aliporudi baada ya siku tisa alimkuta Ng'washi anapepeta mchele bila kuimba.

"Kashindye yuko wapi?"

"Ameitwa jeshini, wamekwisha kumchukua. Ezekia alifungua daftari akasoma majina ya wenye umri, mwanao akasikia lake, akaitika kabla halijaisha. Aliruka kama ameitwa harusini."

"Lakini yule ana miaka kumi na minne!"

Ng'washi akaweka ungo chini. "Mimi nilimzaa mwaka wa Muungano, na nilimzaa mara moja. Wewe ndiye uliyemzaa tena mbele ya meza ya Philbert. Nenda kamlete."

Nkuba hata maji hakunywa. Alikwenda moja kwa moja kwa Philbert, akamkuta ofisini ananoa penseli kwa wembe, akamweleza ukweli wa mtoto, nusunusu, kwa kuzunguka. Philbert akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee Nkuba, daftari hili si langu. Ni la serikali. Kufuta mstari mpaka nipate barua ya wilaya."

"Basi andika barua kwamba kijana ni mtoto."

"Naweza kuandika kilichomo tu. Nikunakilie ukurasa wa kaya yako, nipige na muhuri."

Nkuba akasikia neno muhuri, moyo ukapoa. Kusoma hakujua, maana kisomo cha watu wazima alisamehewa kwa ajili ya uzee. Kwake yeye karatasi yenye muhuri ilikuwa karatasi ya kumsaidia mwenye kuishika, la sivyo kwa nini ipigwe muhuri? Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye leso, akauza beberu mmoja apate nauli, akatembea mpaka Igawa kwenye barabara kuu, akadandia basi la Mbeya, alikodhani vijana wamepelekwa.

Mbeya ilimpokea kwa mvua na matope mekundu. Katika ofisi waliyomwelekeza alikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Wenzake kwenye benchi walikuwa akina baba na akina mama wa milimani, na kila mmoja alikuwa amemfuata kijana wake. Ilipofika zamu yake akakutana na koplo mmoja wa Kinyakyusa aliyeitwa Gideoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi, sauti imekwisha kwa kujibu swali lilelile.

"Ndaga, baba," akamkaribisha kwa Kinyakyusa. "Na wewe mtoto wako ni mdogo?"

"Ni mdogo kweli, afande. Ana kumi na minne."

"Jana amekuja mzee na cheti cha ubatizo, wino unashika kidole. Juzi mama mmoja amesema mwanawe ana kumi na miwili, kijana ana ndevu kama mbuzi." Akapokea karatasi, akapitisha kidole, akasimama kwenye mstari mmoja. "Hii hapa, muhuri wa kijiji chenu wenyewe. Kumi na tano, mwaka sabini na nne. Leo ana kumi na tisa. Unaleta ushahidi dhidi yako mwenyewe, baba?"

Aliyeupatia uongo ule muhuri ni Nkuba mwenyewe, na sasa muhuri unamtazama usoni. Akajaribu njia nyingine. "Afande, sikiliza jina. Kwetu mapacha wanaitwa Kulwa na Doto. Anayewafuata lazima ni Shija. Anayemfuata Shija lazima ni Kashindye. Kulwa wangu ana miaka kumi na tisa sasa, Shija ana kumi na saba. Kashindye atakuwaje na kumi na tisa? Amempita dada yake tumboni?"

"Majina ni majina tu, baba. Kwetu Tukuyu mtu anaitwa Ambilikile awe wa kwanza, awe wa tisa."

"Si majina tu! Ni hesabu!"

"Basi hesabu hizo kawahesabie Iringa. Vijana wa kwenu Mbarali hawajafika hapa kabisa, walipakiwa Igawa wakaelekea Iringa wiki iliyopita."

Igawa! Nkuba nusura apige meza. Siku nzima ya benchi, beberu mzima wa nauli, na mtoto alipandia gari palepale alipopandia yeye, tena akaenda upande wa pili. Kesho yake basi la Iringa likasimama Igawa wanawake wakauza karanga dirishani, na mmoja aliyekuwa amesimuliwa shida yake akamtambua. "Mzee, umerudi mara hii? Ulimpata kijana?" Nkuba akafunga dirisha. Hakuwa mtu wa kuwafungia watu dirisha, ila siku hiyo hata karanga zilimkera.

Iringa alifika jua limezama, akajikunyata kwenye baraza la duka mtaa wa Kihesa huku baridi ikimtafuna magoti. Kulipopambazuka akaulizia kambi. Ilikuwa nje ya mji, uzio wa miti mibichi, na ndani yake vijana walikuwa wakikimbia na bunduki za mbao. Malori manne yalisimama yameelekezwa barabarani, na fundi alikuwa akijaza maji kwenye rejeta. Nkuba hakuhitaji kuambiwa maana yake.

Langoni wakamkabidhi kwa sajini anayeshughulikia orodha. Sajini alikuwa mrefu, mweusi, na alipotamka neno la kwanza tu Nkuba akataka kulia, maana lafudhi ilikuwa ya nyumbani.

"Mwangaluka, namhala," akamwamkia Kisukuma, kama mzee anavyoamkiwa.

"Mwangaluka, mwanangu! Wewe ni wa wapi?"

"Naitwa Nyanda, wa Shinyanga. Kaa. Una shida gani?"

Nkuba akatoa karatasi. Safari hii hakueleza kitu. Nyanda akaisoma kimya, kisha midomo ikaanza kumcheza, kisha akacheka mpaka akashika meza. "Kulwa kumi na tano, Doto kumi na tano, Shija kumi na tatu, halafu Kashindye kumi na tano! Namhala, mkeo alizaa watatu kwa mpigo, Shija akachelewa njiani?"

"Umeona!" Nkuba akasimama. "Umeona, mwanangu! Mbeya nilisema mpaka nikakauka koo. Ni mtoto yule. Ana kumi na minne."

"Wala sikatai. Nilipomwona nilisema kadumaa, njaa ya utotoni. Nani aliandika huu ujinga?"

Mficha uchi hazai. Nkuba akainamisha kichwa. "Nilisema mimi. Nilitaka ekari."

Nyanda akaacha kucheka. Alimtazama kwa muda, si kwa ukali, kama mtu anayemtazama mjomba wake aliyelewa hadharani. Akatuma Kashindye aitwe.

Kijana akaja mbio, akapiga saluti, ndipo akamwona baba yake. Suruali ilikuwa imekunjwa miguuni mara tatu. Mkanda ulikuwa umetobolewa matundu mapya kwa msumari, na ncha yake ilimzunguka mpaka mgongoni. Nkuba alitaka kumpiga kofi, akataka kumkumbatia, akabaki amesimama mikono inaning'inia.

"Nimekuja kukuchukua. Afande amekubali kwamba wewe ni mtoto."

Uso wa Kashindye ukabadilika. "Mimi si mtoto."

"Una miaka kumi na minne! Nakujua, nilikuwapo!"

"Mbona nilipokuwa na kumi ulisema ni mtu mzima?" Sauti ilikuwa bado haijavunjika vizuri, ikapanda, ikashuka. "Nililima na watu wazima, baba. Ezekia alinitandika fimbo za watu wazima nilipochelewa. Wewe ulikuwa kivulini, ukasema vumilia, wewe ni mwanamume. Haya, nimekuwa mwanamume. Hapa wananipa viatu, wananipa nyama, wananiita kwa jina langu. Leo unataka niwe mtoto tena kwa sababu gani?"

Nkuba angekuwa na jibu lolote angelitoa, hata la uongo, lakini hazina ya uongo ilikuwa imekwisha. Ilimuuma kwamba kijana alisema bila hasira, kama anavyomweleza mtu bei ya chumvi.

Nyanda ndiye aliyewaokoa wote wawili. "Kuruta, kutaka kwako si hoja. Mtoto ni mtoto. Lakini namhala, nisikilize. Malori yanaondoka saa sita. Nimeandikiwa nipeleke vichwa mia na ishirini, na luteni atahesabu kimoja kimoja. Nikimtoa huyu, lazima niingize mwingine, na hapa sina mwingine."

"Niingize mimi," Nkuba akasema.

Alilisema kabla hajalifikiri, na lilipokwisha kutoka akaona ni sawasawa kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Ihefu kifua kikamlegea. "Niingize mimi. Najua kulala porini, najua kuchinja, najua kubeba. Simba nimemfukuza zizini kwa mkuki. Nipeni mzigo wowote."

Nyanda akampima kwa macho, kuanzia mabega mpaka kwenye makatambuga ya tairi. "Mwili unao kweli. Wapishi wanatakiwa, na wabebaji. Mwisho miaka hamsini." Akachukua kalamu, akaivuta ile karatasi ya muhuri ili anakili jina. Kalamu ikasimama hewani.

"Namhala, hapa umeandikwa hamsini na sita. Mwaka sabini na nne."

Nkuba akanyoosha shingo aitazame karatasi, kana kwamba angeweza kuisoma.

"Leo una sitini," Nyanda akasema polepole.

"Hiyo nayo si kweli! Nina arobaini na tano! Mvi hizi ni za ukoo, hata baba yangu... Nilitaka nisamehewe kazi za ujamaa, basi! Nitazame, mwanangu! Mimi ni mzee wa miaka sitini?"

"Sikukatalii. Lakini sikiliza jinsi nitakavyosema kwa luteni. Nikimwambia karatasi hii imekosea mstari mmoja, atanisikia. Nikimwambia mstari wa mtoto ni uongo na wa baba pia ni uongo, na aliyedanganya yote mawili ndiye huyu anayetaka bunduki, atauliza lini umeanza kusema kweli. Utalala mahabusu leo, na kijana ataondoka saa sita vilevile." Akaikunja karatasi katika mikunjo yake ya zamani, akamrudishia. "Ungekuja na mdomo mtupu ningekuandika. Hii ndiyo iliyokufunga."

Nkuba akaitwaa. Beberu mzima na siku tatu za njia ameibeba kifuani, akiilinda isilowe mvua. Akatamani kuitafuna.

Wakapewa dakika chache kando ya lori. Kashindye aliangalia ncha za viatu vyake, ambavyo vilikuwa vimeshindiliwa magazeti visimtoke miguuni. Nkuba akamfungia mkanda upya, akaichomeka ile ncha iliyozidi, akaichomoa, akaichomeka tena.

"Baba," kijana akasema kwa sauti ndogo, "Mabala amezaa?"

Mabala alikuwa ng'ombe wa madoa, aliyekuwa na mimba kubwa walipoachana. "Amezaa. Jike. Lina doa jeupe hapa, kwenye paji."

Kashindye akatabasamu mpaka macho yakafumba, akawa kumi na minne, akawa kumi, kisha akakumbuka mahali alipo, akafunga mdomo. "Msimkamue sana," akasema, na akaitwa.

Alipopanda lori alimhitaji mwenzake amvute mkono, maana bodi ilikuwa juu. Nkuba alisimama langoni mpaka vumbi la lori la nne likatua. Askari wa zamu akamletea kigoda. "Kaa, mzee," akasema kwa heshima, "umesimama sana." Nkuba hakukaa.

Wiki iliyofuata, kijijini, ilikuwa zamu ya msaragambo wa kupalilia mashamba ya vijana waliokwenda vitani. Mwenyekiti Ezekia alisimama tutani, Philbert ubavuni mwake na daftari kwapani, na mwenyekiti akawa anaita jina la kila kijana, watu wanaingia kwenye jaruba lake. Alipofika kwa Kashindye Nkuba, wa kwanza kuingia majini alikuwa Nkuba, suruali imepandishwa mapajani.

"Aa, mzee wetu, toka huko," Ezekia akasema. "Hiyo si kazi yako. Wazee wako kule kivulini, pombe imekwisha kuja."

"Mimi si mzee."

"Mzee Nkuba, usijitese. Uchungu wa mtoto tunaujua."

"Nimesema mimi si mzee!" Nkuba akapaza sauti mpaka ndege kwarara wakaruka upande wa pili wa mfereji. "Nina miaka arobaini na tano! Sikilizeni nyote! Nilidanganya! Mwanangu ana kumi na minne na mimi nina arobaini na tano! Philbert, fungua hilo daftari uandike!"

Mtu mmoja akacheka, wa pili akacheka, na kicheko kikapita jaruba hadi jaruba. Mzee Nkuba kavunja rekodi, wakasema, vita vimemrudisha ujana, kesho ataoa. Hata Ezekia alijifuta machozi ya kucheka. Philbert alitabasamu kwa adabu, akalibana daftari vizuri kwapani.

Ng'washi tu hakucheka. Alikuwa ameinama upande wa pili wa jaruba, akapapasa nyuma yake, akamrushia jembe dogo, lile la mpini uliokatwa mfupi mwaka sabini na nne ili limwenee mtoto. Nkuba akalidaka. Ilibidi ainame sana kulitumia, na alianza kupalilia pale pembeni, mwanawe alipokuwa akianzia.